Mama Ikupa wa Dirisha la Silaha: Miaka Ishirini na Saba Bila Kupitisha Mtu Kinyemela

Ijumaa ya tarehe 29 Mei 2026, saa kumi kamili jioni, Bi Ikupa Mwasomola atafunga dirisha la silaha katika nyumba yetu ya mnada hapa Anoka, Minnesota, atamkabidhi Alice, mrithi wake, funguo, na atakuwa ametimiza miaka ishirini na saba na miezi saba ya utumishi. Kadi ya ofisi imeandika miezi sita. Wamekosea. Alianza Oktoba 1998, nami nimehesabu kwa vidole na nikahesabu tena kwa simu, vyote vikakubaliana.

Ken, mwenye mnada, ameshaandika wasifu wake kwa Kiingereza, nusu ukurasa, mzuri, una tarehe zote. Huu ni wa sisi tunaosema Kiswahili, ambao tukijumlishwa stoo, usafi na magari tunafika kumi na mmoja, na utasomwa pia na watu wa jumuiya watakaokuja ukumbini mjini Crystal Jumapili. Nimeandika mimi, Vedasto wa stoo. Nilimaliza darasa la saba Muleba, mengine nimejifunza kwa kubeba mizigo ya watu. Kwenye kamati ya kumuaga walikuwemo wenye digrii mbili mbili, lakini lilipokuja swali la nani aandike, wote walinyamaza wakaniangalia mimi. Sikushangaa.

Niseme jambo moja mapema, ili msomaji asidhani huu ni wasifu wa mtu aliyekaa tu kwenye kiti akapokea mshahara. Mwaka juzi Mama Ikupa alinizuia mimi, mbele ya watu mia na hamsini, nisimkabidhi mtu bastola ambayo hakukaguliwa kuipata. Bastola ilikuwa yangu. Muuzaji nilikuwa mimi. Chochote ambacho ingefanya huko ambako ingekwenda kingerudi kubisha hodi kwangu. Nilimkasirikia miezi minane. Habari hiyo inakuja, lakini kwanza tumjue mwenyewe.

Mama Ikupa alizaliwa Tukuyu, akaja Minnesota mwaka 1994 kusomea uhasibu Saint Paul. Kazi ya hapa aliipata ya siku nne tu: kuandika vibandiko vya bei kwenye mali ya mkulima mmoja aliyefariki. Siku ya pili Ken alikuta vitu vyote vimepangwa kwa ukoo wake, majembe na majembe, vijiko na vijiko, na kwenye kila bunduki ya marehemu kimefungwa kikaratasi chenye namba yake iliyochongwa kwenye chuma, aina yake, na mahali ilipookotwa ndani ya nyumba. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Ken alimuuliza kwa nini ameandika "chini ya godoro". Akajibu kwamba mtu akiuliza baadaye, yeye hatakuwepo kujibu, lakini kikaratasi kitakuwepo. Siku nne zikawa miaka ishirini na saba.

Kwa wasioijua kazi yetu: tunauza mali za waliokufa na waliohama. Trekta, vyombo, vinanda, vichwa vya paa vilivyokaushwa, mitumbwi. Na bunduki, maana huku kaskazini kila nyumba ya zamani ina moja juu ya mlango na nyingine ambayo wenyewe wameisahau. Kitu kingine chochote ukishagongewa nyundo ni chako, unabeba unaondoka. Silaha haitoki kwenye nyundo. Inatoka kwenye dirisha la Mama Ikupa. Unatoa kitambulisho, unajaza fomu, jina lako linapelekwa kukaguliwa kama uliwahi kufungwa, kama kuna amri ya jaji juu yako, na mengineyo, halafu linarudi jibu: pita, subiri, au hapana. Wakati unasubiri unakaa kwenye benchi lile la mbao. Benchi hilo limekaliwa na madaktari, wachungaji, na jamaa mmoja aliyedai ana undugu na mfalme wa Norwe. Wote walisubiri.

Simulizi zake ni nyingi na mimi ndiye nizijuaye vizuri, kwa kuwa meza yangu ya stoo iko hatua sita kutoka dirishani. Kuna baridi ile ya 2019, nyuzi za joto zilipoteremka mpaka mate yalikuwa yanadondoka chini kama kokoto. Watu husema natia chumvi, lakini niliyatema mwenyewe nikayasikia. Kufuli la chumba cha silaha liligoma. Fundi alisema hadi mchana. Mama Ikupa alifungua chupa yake ya chai ya tangawizi, akalimiminia kufuli taratibu kama anayemnywesha mgonjwa, likafunguka. Kisha akanigeukia akasema, "Vedasto, hiyo ilikuwa chai yako pia. Leo utakunywa maji."

Kuna na yule mkulima mwenye urefu wa futi saba. Wanaosema futi sita na nusu hawakuwepo siku hiyo. Alinunua bastola mnadani, akaja dirishani na kitambulisho chake safi, akaanza kujaza fomu huku anapiga soga, ndipo likamponyoka kwamba bastola ni ya mkwe wake anayesubiri garini. Mama Ikupa akaifunika kalamu kifuniko.

"Mwite aje ajaze mwenyewe."

"Ana haraka."

"Mimi sina."

Jitu lile lilinguruma, likasema limekuwa mteja tangu enzi za baba yake Ken, likapiga kaunta kwa kofi mpaka vikombe vikaruka. Mimi hapo nilikuwa nimeshajiandaa kuingilia, nimekunja mikono ya shati, maana ujana wangu Muleba nilikuwa mtu wa kuogopwa. Haikuhitajika. Mama Ikupa alimtazama tu, akamwambia kwa sauti ile ile ya kuuliza kama mtu anataka sukari, "Ukimaliza kupiga meza, benchi liko pale." Mkwe hakuingia kamwe. Gari likaondoka kwa kasi, na sisi tukarudisha bastola chumbani.

Wengi walidhani ukali huo ni wa kuogopa kazi. Hapana. Ulitoka mahakamani. Mwaka 2007 kulikuwa na kesi Saint Paul, ya mzee mmoja wa mjini huko aliyeuza bastola yake kwa mtu asiyemjua, kwenye maegesho ya duka, dakika tano, imekwisha. Aliyeinunua akamjeruhi binti wa watu. Polisi walimalizana na aliyefyatua, lakini wazazi wa binti walimshtaki aliyeuza, kesi ya madai, ya kutaka awajibike kwa uzembe wake. Mama Ikupa aliisoma gazetini, akachukua likizo siku tatu, akaenda kukaa benchi la nyuma la mahakama na kitabu chake cha kuandikia. Hakuna aliyemtuma. Alirudi kazini akatukusanya stoo.

Alisema, "Yule mzee si mtu mbaya. Ana wajukuu, anaimba kwaya. Mwanasheria alimuuliza swali moja tu: ulifanya nini kujua unampa nani? Akatafuta jibu hata midomo ikamkauka. Hakuwa nalo." Kesi ile waliipatanisha kabla ya hukumu, sijui kwa masharti gani. Ila tangu siku hiyo swali lile lilihamia Anoka. Kila mtu alipotaka kupenya, Mama Ikupa alituambia: siku moja mtu ataniuliza nilifanya nini, na mimi nitakuwa na jibu.

Sasa nifike kwenye jambo langu.

Oktoba 2024 jumuiya yetu ilifanya harambee pale ukumbini Crystal, tununue gari la kuwapeleka wazee wetu hospitali. Dalali wa mnada nilikuwa mimi. Nani mwingine? Mtu anayefanya kazi nyumba ya mnada, mwenye sauti inayosikika bila kipaza sauti kutoka Crystal hadi New Hope. Nami kwa kutaka kuonyesha kwamba dalali hatoi maneno tu, niliweka mezani kitu changu mwenyewe: bastola niliyonunua miaka mitatu nyuma kwenye dirisha hilo hilo la Mama Ikupa, kwa kibali halali, baada ya kukutana na dubu. Habari ya dubu nitaisimulia siku nyingine. Bastola ilikuwa kwenye sanduku lake, haina risasi, imefungwa. Niliiweka kati ya keki na kitenge.

Mnajua mnada wa kwetu ulivyo. Si kama wa Ken. Kwa Ken mtu ananunua anakwenda nacho kwake. Kwetu mtu ananunua keki, anamzawadia mchungaji, mchungaji anairudisha mezani, inauzwa tena, anapewa mama mkwe wa mtu, watu wanaimba, keki moja inabadilisha mikono mara nne kabla haijaliwa na watoto jikoni. Ndiyo raha yenyewe. Hakuna hata mmoja wetu, na mimi wa kwanza, aliyewaza kwamba bastola si keki.

Aliyeinunua ni Wanjohi, nesi, kiongozi wa kwaya, Mkenya mwenye moyo mpana kama kanisa. Nikamgongea nyundo. Wanjohi akasimama, akatazama ukumbi, akamwona Pacifique amekaa kwenye meza ya pembeni. Pacifique ni Mkongo, fundi wa magari, mtu wetu wa ngoma. Alikuwa amepotea majira yote ya baridi yaliyopita. Mkewe Ernestine alituambia yuko kwa ndugu Texas. Aliporudi alikuwa amekonda na hapigi tena. Wanjohi alimpenda, akataka kumchangamsha.

"Wasee, hii nime-buy," akasema, "na nampea ndugu yetu Pacifique, ndio akienda kulenga shabaha na sisi wikendi asikae tu akiangalia."

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Akina mama wakamzunguka Pacifique na kitenge, ngoma ikapigwa, akainuliwa kitini. Nikamletea sanduku mimi mwenyewe, nimelibeba juu kichwani kama sinia la biarusi. Na kwetu zawadi ya ukumbini mtu haikatai. Akainyoosha mikono akaipokea. Nilimwona anatabasamu. Ninaapa nilimwona anatabasamu, ndivyo nilivyosimulia miezi minane.

Hapo mlango ukafunguliwa akaingia Mama Ikupa na sufuria ya pilau, ametoka kazini, bado ana kitambulisho shingoni. Akaona sanduku. Analijua, alilitoa yeye. Akaweka sufuria sakafuni, sakafuni kabisa.

"Dalali. Muuzaji wa hiyo ni nani?"

Nikasema ni mimi, kwa fahari.

"Na umemfanyia nini huyu kujua unaweza kumpa?"

Nikasema, "Mama, huyu ni Pacifique. Tumekula naye."

"Sikukuuliza kama mmekula."

Watu wakacheka kidogo, halafu wakaacha. Akaeleza, na nitaandika alivyoeleza, maana ndiyo shule niliyosoma kwa siku moja. Alisema tangu Agosti 2023 sheria ya jimbo letu haimtazami mwenye duka peke yake. Hata mimi na wewe, tukiuziana au kupeana bastola, anayepokea awe na kibali chake, au tupite kwa muuzaji mwenye leseni akaguliwe. Na ukiacha jela, iko kesi ya madai. Siku silaha ile ikimuumiza mtu, mwenye kuumizwa anaweza kumtafuta aliyeitoa bila kukagua, amshtaki, na hakimu hatauliza kama mlikuwa harambee. "Vedasto ameiuza. Wanjohi ameigawa. Nyote wawili mtaitwa. Mtasema nini? Mtasema tulipiga vigelegele?"

Kijana mmoja wa chuo akasema kwa Kiingereza kwamba Auntie anaharibu sherehe. Mzee mmoja akasema amekuwa polisi wa Wazungu. Mimi, na hili naliandika kwa aibu, nikasema kwenye kipaza sauti kwamba wengine wakipewa dirisha wanadhani wamepewa nchi. Watu wakacheka sana.

Mama Ikupa alikwenda moja kwa moja kwa Pacifique, akasema kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia, "Makosa ni ya mwenye kuuza, si yako. Angekuwa askofu amekaa hapa ningemwambia hivi hivi. Mrudishie Vedasto, Jumatatu mje dirishani." Pacifique alirudisha sanduku. Ernestine alikuwa nyuma yake na alikuwa ameshika kiti kwa mikono yote miwili.

Jumatatu alikuja. Mimi nilikuwa hatua zangu sita, nakunja maturubai. Mama Ikupa akampa fomu na kalamu. Fomu ile ina maswali mengi ya ndiyo na hapana, na moja linauliza kama jaji aliwahi kuamuru ulazwe hospitali ya magonjwa ya akili. Pacifique alifika mahali akasimama. Kalamu ilikaa hewani muda mrefu sana. Nilidhani Kiingereza kimemshinda, nikataka kwenda kumsaidia, nashukuru Mungu nilikuwa nimeshika turubai. Mama Ikupa akaivuta fomu pole pole, akaigeuza kifudifudi, akasema, "Asiyetaka kujaza haulizwi sababu. Kwangu hapa karatasi ikibaki nyeupe hainiambii kitu." Pacifique akaondoka. Na Mama Ikupa hakunitazama siku hiyo nzima, ili nisipate cha kumuuliza.

Watu walipouliza imekuwaje, yeye akajibu kwamba karatasi za ofisi hazikukamilika na hiyo ni kazi yake, wamlaumu yeye. Wakamlaumu. Fedha ya Wanjohi nilimrudishia, bastola ikabaki kabatini kwangu, na maneno yakatembea. Kwamba Ikupa amemwaibisha mgeni wa watu mbele za watu. Kwamba Ikupa hapendi Wakongo. Kwenye Krismasi hakualikwa hata kwenye meza moja ya maana. Sufuria yake ya pilau kwenye sherehe za Machi ilirudi nyumbani imejaa. Maneno mengi katika hayo nilipeleka mimi, na nikiyapeleka yanafika, mnanijua. Kazini alinisalimia kila asubuhi kwa Kinyakyusa chake, "Ugonile, Vedasto," kama kawaida, akinimiminia chai. Nilikunywa chai yake miezi minane huku namsema.

Juni 2025 jumuiya ilikutana kuchagua viongozi. Katikati ya mengineyo Pacifique akaomba nafasi. Hakuwahi kuomba nafasi. Akasimama, Ernestine akasimama naye, akasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu, na ameniruhusu niyaandike humu kama yalivyo:

"Mi sikukuwa Texas. Nilikuwa ku hospitali, juge, ule jaji, ndiye alinitia mule, juu nilitaka kujimaliza. Wakati munanipa ile sanduku, ilikuwa tena wiki mubaya. Mulikuwa munaimba, mi nilikuwa nahesabu saa za kufika ku nyumba. Ningesema aje hapana? Watu wote wananipigia mikono. Huyu mama ndiye alisema hapana mu nafasi yangu. Akabeba matusi yenu miezi minane, hakusema siri yangu hata kwa Vedasto, na munajua Vedasto iko hatua sita."

Hakuna aliyecheka ingawa ilikuwa ya kuchekwa. Wanjohi alikuwa analia waziwazi, mtu mzima yule. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye maegesho. Nilitaka kujisimulia hadithi, ndiyo kazi yangu, kila jambo nina hadithi yake. Sikuipata. Nilichokipata ni swali la yule mzee wa Saint Paul: ulifanya nini kujua unampa nani? Na jibu langu lingekuwa kwamba nilibeba sanduku kichwani.

Watu huongelea kesi za madai kama jambo la nyumba na akiba ya benki. Nami nina nyumba Crystal, nzuri, gereji ya magari mawili, ningeumia kuikosa. Lakini pale maegesho sikuiwaza nyumba. Nilimuwaza Ernestine amekaa upande ule wa mahakama, mimi upande huu, na mwanasheria akisoma jina langu kama muuzaji. Nyumba ingelipika. Yule mama nisingeweza kumlipa.

Kesho yake nilikwenda dirishani. Nilikuwa nimetunga maneno ya kuomba msamaha, marefu, yana Kiswahili cha Biblia. Nilipoanza tu akaniambia, "Vedasto, umechelewa dakika kumi na mzigo wa Coon Rapids umefika." Nikaenda kushusha mzigo. Saa nne akanimiminia chai, mimi nikailipia kwa kunyamaza siku nzima, na wote mnaofanya kazi hapa mnakumbuka siku hiyo, mlidhani naumwa.

Bastola yangu niliileta dirishani wiki hiyo hiyo, ikauzwa na Ken kwa njia inayotakiwa, kwa mtu aliyekaa benchi akasubiri.

Baada ya hapo ndipo Mama Ikupa alipofanya kazi ambayo mimi naiona kubwa kuliko miaka yote ya dirisha, ingawa haimo kwenye nusu ukurasa wa Ken. Alikaa na Ernestine wiki tatu wakaandika karatasi moja, upande mmoja tu, kwa Kiswahili cha mtu yeyote. Inasema nini kinaweza kuwekwa kwenye meza ya harambee na nini hakiwezi. Inasema zawadi pia ni kukabidhi. Inasema umjuaye si umkaguaye. Inasema aliyetoa ataulizwa. Na chini kabisa, Ernestine aliandika mwenyewe namba ya simu ya kupiga kwa anayehisi kama alivyohisi mume wake, inayopokelewa saa ishirini na nne, na kwamba mwenye nyumba aliye na silaha na ndugu aliye kwenye wiki mbaya anaweza kuomba itunzwe kwingine bila kueleza sababu kwa mtu yeyote.

Tulianza na nakala hamsini. Sasa imebandikwa kwenye maduka ya Frogtown, kwenye saluni mbili Brooklyn Center, kwenye ubao wa msikiti ambako Khalfan, msimamizi wao, aliisoma baada ya swala na kuongeza maneno yake mwenyewe. Imefika Rochester. Mwanamume mmoja alipiga simu kutoka Fargo kuuliza kama ni kweli, kwa kuwa shemeji yake anataka kumpa bunduki kama zawadi ya harusi. Mama Ikupa alimjibu kwa nusu saa, akiwa kwenye mapumziko yake ya chakula, ugali unapoa.

Harambee zetu haziishi raha. Mwaka jana keki moja iliuzwa mara sita. Dalali nilikuwa mimi.

Kazini anaacha mengi mazuri. Anaacha vitabu ambavyo mkaguzi wa serikali alivikagua siku mbili mwaka 2022 akashindwa kupata hata nukta iliyopotea, akaomba apewe kikombe cha chai. Anaacha chumba cha silaha ambacho mimi naingia kwa kuvua kofia. Anamwacha Alice, Mkenya kutoka Crystal, aliyemfundisha miezi mitano na aliyeanza vizuri: juzi alimkalisha benchi binamu yake Ken saa nzima na robo. Ken alipolalamika, Alice akamwonyesha kitabu. Ken akacheka, akarudi ofisini kwake. Mama Ikupa alikuwa nyuma anakunja sweta kama hakusikia kitu.

Anaondoka kwenda kukaa kwa bintiye hapa hapa Anoka, jirani na mto, na kila majira ya baridi ataruka Tukuyu ambako amejenga. Anasema atalala mpaka saa mbili. Sisi tunaomjua tunaupa mpango huo siku nne.

Kamati iliuliza nani amkabidhi zawadi Jumapili. Nilinyoosha mkono, nikasema mkono wangu ndio uliozoea kugonga nyundo, nina sauti, nina koti. Kisha nikaushusha mwenyewe, na mnaonijua mnaelewa uzito wa jambo hilo. Zawadi atakabidhi Ernestine. Pacifique atakuwa kwenye ngoma, amerudi kupiga tangu Septemba, na nimeambiwa anafanya mazoezi gereji mpaka majirani wameomba poo.

Mama Ikupa, ahsante. Ahsante kwa kila mtu aliyefika nyumbani salama asijue kwamba jambo lilipita karibu naye likakwamia dirishani kwako. Mimi ni mmoja wao, kwa namna yangu. Jumapili Ernestine atakapopita mlangoni na zawadi yako mkononi, nitamsalimia nikimtazama machoni, na hilo ni lako. Nenda ukapumzike, mama, ule vizuri, wajukuu wakusumbue, baridi isikupate, na miaka iliyobaki ikuhudumie wewe kama ulivyotuhudumia sisi.